Za Kutunza au za Kupeleka

Saa kumi na moja na nusu jioni, siku ya sita tangu mama yake afariki, Fausta Ccencho alijitanda shali, akafunga mlango wa nje na kuteremka kwenda kununua diski tupu.

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya kilima, na baridi ya Huancavelica ilianza kupanda kutoka mto Ichu, ile baridi inayoingia kwanza kwenye vifundo vya vidole. Fausta alitembea haraka. Nemesio, jirani mwenye kamera, angekuja kuichukua saa mbili usiku. Kesho yake alikuwa na harusi mbili kule Acobamba, na kadi ya kamera alikuwa nayo hiyo moja tu. Angeifuta. Alikuwa ameshalisema hilo kwa upole, na Fausta hakuwa mtu wa kuomba mara mbili.

Kadi ile ilibeba vitu viwili. Cha kwanza kilirekodiwa mwezi wa tano, siku ya kuzaliwa ya mama. Bibi Basilia ameketi uani, bakuli la maharage mapana mapajani, anamenya huku akitaja majina ya wafu wa ukoo. Jina, mzazi, mahali. Watu thelathini na mmoja. Wengine walipotea katika miaka ile ya vita na hawakupatikana hata unyoya wao. Hawana makaburi, isipokuwa mdomo wa mama. Fausta hakuwahi kuyaandika majina yale. Kwa miaka mingi alimtegemea mama, na tangu mwezi wa tano akaitegemea kamera.

Cha pili kilirekodiwa jana na leo asubuhi. Siku ya tano nguo za marehemu hufuliwa mtoni. Jioni majivu yaliyochekechwa hutandazwa chumbani kwake, mlango unafungwa, watu wanakesha nje. Alfajiri mlango hufunguliwa na nyayo husomwa. Msomaji alikuwa mjomba Hilario, mdogo wake mama, mwenye kazi hiyo kwa miaka arobaini. Aliinama, akatazama muda mrefu, akasema zimetoka. Nyayo ndogo, ule wa kushoto umepinda nje kidogo kama mguu wa mama ulivyokuwa, zimeelekea mlangoni. Mama ameondoka vizuri. Wanawake walivuta pumzi. Majivu yakafagiliwa, yakamwagwa mtoni, watu wakageuka na kurudi bila kutazama nyuma.

Kaka yake Abdón, aliyeko Milano akiwatunza wazee wa watu, hakupata ruhusa ya kuja. Alilia kwenye simu. Alisema nirekodie yote, hata majivu, nami nionekane nilikuwepo. Mjomba Hilario alikuwa amekataza. Ya nguo sawa, alisema, ya majivu hapana. Lakini asubuhi, mzee alipoinama, Fausta alisimama mlangoni nyuma yake na kamera ikiwa ndani ya shali.

Hakumwambia mtu.

Dukani kwa Rufino alikuta mkebe wa diski hamsini. Alichomoa moja, akaigeuza, akaiinamisha chini ya taa. Rufino alikuwa ameshamzoea.

“Dada Fausta, hiyo ni diski, si mchumba. Ukiitazama hivyo itaona haya.”

Fausta hakucheka. Upande wa chini ulikuwa na rangi ya chai iliyotiwa maji, na karibu na ukingo palikuwa na ukungu kama alama ya pumzi. Alijua maana yake. Mashine huanza kuandika katikati na kwenda nje, kwa hiyo dakika za mwisho za kumbukumbu hukaa ukingoni, na ukingo ndio huoza kwanza kwenye diski mbovu. Alishapoteza hivyo mwisho wa ubatizo wa mpwa wake. Kuhifadhi kwenye kompyuta hakukuwa na maana. Ilikuwa kuukuu, na mwaka ule peke yake ilikuwa imemeza vitu vyake mara mbili. Tangu ubatizo ule alikuwa na sheria zake: rangi ya zambarau iliyokoza, ile aina yenye alama ya kutoa, kistari kidogo kilichochapwa juu yake, ambayo deki ya zamani ya Abdón inaikubali, kuandika, au kuchoma kama wasemavyo mafundi, kwa mwendo wa chini kabisa, kutobandika karatasi juu, na kutoamini diski yoyote kabla ya kutazama dakika zake kumi za mwisho.

Aliirudisha. Rufino alikiri kwamba nzuri zimekwama njiani, barabara ya Lima imefungwa na wagomaji. Akamwelekeza kwa mchuuzi mmoja wa Huancayo, mwanamume mnene mwenye kipaza sauti, anayepanga vitu vyake chini ya nguzo karibu na soko. Huyo hakosi.

Chini ya nguzo hapakuwa na mwanamume mnene.

Palikuwa na mwanamke mwenye kofia ya utepe mweusi, ameketi juu ya kigunia. Mbele yake palitandikwa kitambaa, na juu ya kitambaa rundo moja tu la diski zilizochomekwa kwenye kijiti, bila mkebe, bila jina. Alisema mwenye mali ameenda kula. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu aliyekaa muda mrefu bila kuongea. Kulikuwa na harufu… kama jiko lililozimwa kwa maji.

Fausta aliomba kuona moja. Akaigeuza.

Zambarau. Zambarau nzito, safi, bila wingu, kama maji ya mahindi meusi yakiwa bado ndani ya chungu. Ukingo haukuwa na doa. Alama ya kutoa ilikuwepo. Kwa miaka yote aliyonunua diski hakuwahi kuona ukingo safi namna ile.

“Unataka za kutunza,” mwanamke aliuliza, “au za kupeleka?”

Fausta alifikiri ni swali la kibiashara. Alisema zote mbili: moja ya nyumbani, moja ya kumpelekea kaka yake.

Mwanamke alimtazama miguuni. Si usoni. Miguuni.

“Zote mbili haiwezekani, mama. Utachagua.”

Akafunga macho kama mtu aliyemaliza mazungumzo. Fausta alilipa, akachukua tano, akazifunga ndani ya leso. Njia nzima ya kurudi hakuweza kutembea polepole, ingawa muda ulikuwa bado unatosha. Alijikuta mara mbili akihamisha leso kutoka mkono huu kwenda ule. Diski zilikuwa baridi kuliko hewa.

Meza ya kompyuta ilikuwa katika chumba chake, imeegemea ukuta. Upande wa pili wa ukuta ule ndipo kilipokuwa kichwa cha kitanda cha mama.

Alichomeka kadi, akapanga rekodi zote mbili zifuatane, akachagua mwendo wa chini kabisa. Jumla dakika hamsini na mbili. Mashine ilianza kuvuma. Akasimama, akaketi, akaenda kuangalia kama boga limeiva, akarudi bila kuliangalia. Trei ilipofunguka, ilitoka na harufu.

Majivu yaliyolowa.

Alijiambia ni mashine imepata joto. Akaitoa diski na kuigeuza chini ya taa, kama kawaida yake. Sehemu iliyochomwa huonekana kwa macho: pete iliyofifia kidogo, inaanzia katikati. Kwa dakika hamsini na mbili, pete ile ingepaswa kufika kidogo kupita nusu. Hii ilikuwa imekwenda mbali zaidi, upana wa kidole kizima.

Aliitia kwenye deki, akaipeleka mbele kwa kasi. Dakika hamsini na mbili zikapita vizuri: nguo, mto, majivu, mgongo wa mjomba, nyayo zinazoelekea mlangoni. Picha ikawa nyeusi.

Kisha haikuwa nyeusi.

Chumba cha mama. Mlango umefungwa. Majivu sakafuni, laini, hayajaguswa. Picha ilichukuliwa kutoka chini, kutoka usawa wa mto wa kulalia. Hapakuwa na kamera mle ndani usiku ule. Kamera ilikuwa mapajani kwa Fausta, uani, imezimwa, na watu kumi na wawili waliiona.

Hakuna kilichosogea. Kisha…

Chwa.

Sauti ndogo, kama mtu amekanyaga chumvi.

Karibu na mlango, katika majivu, palikuwa na unyayo mmoja. Mdogo. Umepinda nje kidogo. Vidole vimeelekea ndani.

Picha ikaisha.

Mtu mwingine angetupa diski ile. Fausta alichukua ya pili. Kwake kosa lilikuwa kitu cha kupimwa: kama ni diski, nyingine haitakuwa nayo, kama ni kadi, itajirudia vilevile. Akachoma upya, rekodi zilezile, mwendo uleule. Wakati mashine inavuma Abdón alipiga simu. Aliuliza kwa utani kama dada yake, hakimu wa diski, ameshatoa hukumu. Fausta alisema bado. Abdón akasema ana miaka saba hajasikia sauti ya mama isipokuwa kwenye simu, na kwamba majina yale atayasikiliza kila Jumapili, ayajue, awafundishe wanawe. Fausta alisema ndiyo. Alikuwa anatazama trei.

Diski ya pili, pete ilikuwa pana zaidi.

Na mwishoni, chwa… chwa… chwa. Nyayo tatu. Ya tatu ilikuwa chini kabisa ya picha, karibu sana hata mistari ya kisigino ilionekana. Aliyekanyaga hakuonekana.

Fausta aliutazama ukuta.

Akatoka uani, akamwita mjomba Hilario, aliyekuwa anaota moto jikoni. Mzee aliitazama ile ya pili akiwa amesimama, kofia mkononi. Kisha aliketi kitandani kwa Fausta, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

“Asubuhi,” alinong’ona, “kamera ilikuwa wapi?”

Fausta aligusa shali.

“Nilisema ya majivu hapana.”

“Abdón aliomba, mjomba.”

“Majivu hayatunzwi, mwanangu. Ndiyo maana tunayafagia. Mtu akishaondoka, njia yake inafutwa, asije akaiona tena. Sasa wewe umeiwekea mahali pa kukaa.” Akaigeuza kofia mkononi. “Katika miaka yangu yote sijawahi kusoma zinazorudi. Sijui zikifika zinataka nini.”

Hapo Fausta alifanya jambo ambalo hata baadaye hakulijutia wala kulitetea. Alisema majivu yatakwenda, sawa, lakini majina hayana kosa. Majina ni ya mwezi wa tano. Mama alikuwa hai, jua linawaka, anamenya maharage. Angechoma rekodi ile peke yake. Saa ilikuwa moja na dakika ishirini, muda upo. Mzee alisema tu kwamba yeye ni msomaji wa majivu, mashine hazijui. Lakini hakuondoka.

Diski ya tatu. Dakika thelathini na nne, basi. Pete haingefika hata nusu ya diski.

Trei ilifunguka. Akaigeuza.

Ilikuwa imechomwa mpaka ukingoni.

Waliketi pamoja mbele ya televisheni, mjomba kitandani, yeye kwenye kigoda, na hakuthubutu kuanza popote isipokuwa dakika kumi za mwisho. Mama alikuwa pale. Gumba lake linafungua ganda, punje inadondoka bakulini. Anataja. Benedicta, wa Marcelo, Paltamachay. Ignacio, wa Benedicta, hakuonekana tena. Sauti ilikuwa safi kuliko Fausta alivyoikumbuka, safi kiasi kwamba aliziba mdomo kwa shali asije akaitikia. Jina la mwisho lilikuwa la baba yao: Teófilo, wa Casimiro, hapahapa nyumbani. Hapo mwezi wa tano mama alikuwa amefuta mikono kwenye aproni na kusema basi, imetosha.

Hakufuta mikono.

Gumba likafungua ganda jingine.

“Basilia,” mama alisema. “Wa Eduvina. Hapahapa nyumbani.”

Mjomba Hilario alitoa sauti ndogo kooni.

Punje ikadondoka. Mama akachukua ganda jingine. Kisha akainua macho, akatazama moja kwa moja mbele, jambo ambalo hakulifanya siku ile hata mara moja kwa sababu alikuwa anaionea haya kamera. Akavuta pumzi. Akafungua mdomo.

Fausta akazima.

Nyumba ilikuwa kimya. Nyuma ya ukuta, taratibu sana…

Chwa.

Mlango wa nje ukagongwa, na wote wawili wakaruka. Alikuwa Nemesio, amewahi dakika kumi. Aliingia na baridi yake, akasema hapa ndani pananuka kama jiko la mjane, kisha akakumbuka msiba na akaomba radhi. Akachukua kamera, akarudisha kadi ndani, akabonyeza aifute.

“Mbona ulishaifuta, dada?” alisema. “Haina kitu. Umenipunguzia kazi.”

Fausta hakuwa ameifuta. Alimshukuru, akamfungulia mlango, akarudi chumbani. Alielewa kabla mjomba hajasema. Mama hakuwa tena kwenye kadi. Sauti yake yote, watu thelathini na mmoja na mahali walipolala au hawakulala, vilikuwa juu ya meza, katika diski tatu za zambarau. Na kulikuwa na diski mbili ambazo hazijachomwa. Angeiwasha tena ile ya tatu, angelijua jina la anayefuata baada ya Basilia.

Mjomba Hilario alisimama, akaikunjua skafu yake na kuitandaza juu ya viganja viwili, kama anavyofanya kupokea majivu.

“Chagua,” alisema. “Mimi siwezi kukuchagulia. Ni mama yako.”

Fausta alikaa na diski ya majina mkononi muda ambao mzee baadaye alisema ulikuwa mfupi. Alimfikiria Abdón na Jumapili zake. Aliwafikiria wale wasio na makaburi. Kisha akaziweka zote tano kwenye skafu, tatu na mbili, na akaomba azibebe mwenyewe.

Darajani maji yalikuwa meusi na yenye haraka. Aliziachia moja baada ya nyingine. Hazikuelea. Waligeuka. Njia nzima Fausta alikuwa ananong’ona majina kwa mpangilio wa mama, akiyashikilia kama mtu anayebeba maji kwa viganja, na nyuma yao, mbali kidogo, kitu kilikuwa kinatembea juu ya mawe ya mtaa. Wao wakiharakisha, hakikuharakisha. Mjomba alimshika kiwiko. Hawakutazama nyuma. Kwenye kona ya juu sauti ile ilibaki, kisha ikashuka tena upande wa mto, ikifuata maji.

Au ndivyo walivyokubaliana kusema.

Usiku huohuo aliketi na daftari. Majina ishirini na tisa yalikuja. Mawili hayakuja. Alijaribu kwa mzazi, kwa kijiji, kwa mpangilio wa maganda aliyoyamenya mama. Hayakuja. Alimwandikia Abdón orodha kwa mkono na kumweleza kwamba diski ziliharibika. Abdón alisema tu kwenye simu kwamba hata yeye angenunua mbovu, asijisumbue.

Jumamosi alimkuta yule mchuuzi mnene chini ya nguzo, na kipaza sauti chake. Mchuuzi alimwambia kwamba siku ile ya mgomo hakuja kabisa, na kwamba hawezi kumwachia mtu mali yake, hata mke wake.

Sasa imepita miaka mingi. Mjomba Hilario yu hai, Abdón yu hai. Kila jioni Fausta huketi uani na maharage, na huyasema majina ili yasipungue tena. Anasema yote ishirini na tisa, anafika kwa baba, anafika kwa Basilia wa Eduvina. Na hapo, kila jioni, pumzi huja yenyewe. Kifua kinajaa, mdomo unafunguka, na nyuma ya meno kuna jina linalosubiri.

Huenda ni mmoja wa wale wawili waliopotea, anaomba arudishwe ukoo wake. Fausta angetoa chochote kumrudisha.

Huenda siye.

Anauma mdomo, anachukua ganda jingine, na kuanza tena mwanzo.